Nimezoea medali, sasa nimepata D na nimemdanganya binti yangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 37, naishi Umoja hapa Nairobi na mume wangu na watoto wawili. Naomba usinitaje jina kwa sababu watu wa voliboli wananifahamu. Nilicheza ligi ya taifa miaka 14 nikiwa seta, yule anayewawekea wapigaji mpira, na miaka sita kati ya hiyo nilivaa jezi ya Kenya. Nilikuwa nahodha wa klabu yetu. Medali ninazo, nyingine za dhahabu, ziko kwenye begi juu ya kabati.

Wasichojua wengi ni kwamba niliacha shule nikiwa kidato cha pili. Baba alifariki, karo ikakosekana, na kocha aliyeniona kwenye michezo ya shule za upili akaniunganisha na timu ya shirika fulani, wakaniajiri. Wakati huo niliona Mungu amenifungulia mlango. Kwenye karatasi niliandikwa tarishi, lakini kazi yangu hasa ilikuwa uwanjani. Mashindano yakikaribia tulikaa kambini Kasarani, ofisini sikuonekana mwezi mzima na hakuna aliyeuliza. Goti liliponikatalia nikastaafu mchezo, nikarudi ofisini, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi bado ni tarishi. Vijana walioingia juzi wakiwa wanafunzi wa mafunzo ya kazi ndio sasa wananituma kupeleka faili.

Mwaka juzi afisa wa wafanyakazi aliniambia waziwazi kwamba bila cheti cha KCSE, ule mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, sitapanda daraja hadi nistaafu. Nikaamua kurudi shule. Nilijisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi, nikapata darasa la jioni katikati ya jiji. Nilitoka kazini saa kumi na moja, darasani hadi saa mbili usiku, nyumbani saa tatu na nusu, halafu vitabu hadi saa saba. Nilijiambia, wewe uliyekimbia alfajiri kwenye baridi ya Julai, wewe uliyecheza seti ya tano na kidole kimeteguka, mtihani utakushinda vipi? Nilimwambia kila mtu: chamani, kanisani, ofisini. Wenzangu wa timu ya zamani walinichangia ada ya mtihani.

Januari matokeo yakatoka. Nilipata D. Hesabu E, Biolojia E. Kiswahili C+, na hiyo ndiyo alama pekee ninayoweza kuitazama. Karatasi ya matokeo niliiweka chini kabisa ya lile begi la medali.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Siku ile alinikuta jikoni nikimenya viazi, akauliza, "Mama, umepata nini?" Nikausikia mdomo wangu ukisema, "C." Alipiga kelele akanikumbatia mpaka kisu kikaanguka. Kesho yake marafiki zake wote walikuwa wanajua, na ukutani juu ya kitanda chake amebandika karatasi yenye maandishi ya kalamu nyekundu: "Mama ameweza na kazi na sisi. Mimi nina kisingizio gani?" Kila nikiingia kufagia naisoma.

Mume wangu anajua ukweli, aliona kwenye simu. Aliniambia, "Ulishafika kilele chako. Ni wangapi wamevaa jezi ya taifa? Mbona unajitafutia aibu?" Sijui kama ananihurumia au ananiwekea mpaka. Ofisini nako habari zimefika, sijui kwa njia gani. Kuna mmoja alisema nikipita, "Kumbe kapteni si kapteni kila mahali."

Sasa kuna shule ya kibinafsi ya wasichana upande wa Ruai inataka kocha wa voliboli kuanzia muhula wa pili. Mshahara ni mdogo kidogo kuliko ninaopata. Kocha wangu wa zamani ananisukuma niende, anasema mpira hauulizi cheti. Wanataka jibu kabla Machi haijaisha. Na usajili wa mtihani wa mwaka huu ni sasa hivi. Darasa la binti yangu ndilo la mwisho la mfumo wa zamani wa elimu, 8-4-4, watafanya KCSE mwaka 2027. Nikingoja, nitakaa mtihani mmoja na mtoto niliyemzaa.

Shangazi, nimeshindwa mechi nyingi maishani. Nimelia kwenye basi kutoka Mombasa hadi Mtito Andei. Lakini keshokutwa yake nilikuwa mazoezini. Hili lina miezi miwili na siwezi kufungua kitabu cha hesabu, nikiona jalada tu moyo unaenda mbio. Je, ushindi umeniisha, au sikuwahi kuwa mshindi, nilikuwa tu na mikono mizuri ya mpira? Nirudie mtihani, niende Ruai, au ninyamaze nilipo? Na mtoto nimwambie nini?

Seta, Umoja

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama kwa sababu kiti kilinishinda. Umeuliza kuhusu mtihani, kuhusu Ruai, na kuhusu kukaa kimya. Lakini ninavyoisikia, hayo yote yamekaa juu ya jambo moja: uliingia kwenye jambo jipya ukiwa bingwa, ukatoka humo ukiwa mtu wa kawaida aliyeanguka mtihani, na hujui huyo wa pili ni nani. Katikati ya hayo kuna uongo wa neno moja uliomwambia mtoto. Umeupitia haraka sana kwenye barua, na nadhani ndio unaokulemea kuliko hiyo D.

Nianze na swali lako la basi la Mombasa, kwa kuwa ni swali zuri. Kwa nini ulikuwa unainuka baada ya kushindwa uwanjani, na hapa umelala? Wewe umejipa jibu kwamba ushindi umekuisha. Mimi sina hakika. Hebu kumbuka ulivyokuwa unashindwa. Mlikuwa sita uwanjani. Mambo yakiharibika kocha aliomba mapumziko, sekunde 30, mara mbili kila seti, mkakusanyika, mtu akakufuta jasho, mtu akakuambia mpira upeleke nyuma. Mechi ikiisha mlijua pokezi la nani lilivunjika na ni katika pointi ya ngapi. Kesho yake mlirudi kulishughulikia hilo hilo. Mlishindwa kwa namna inayoonekana.

KCSE haishindwi hivyo. Unakaa peke yako, hakuna anayekuombea mapumziko, na baada ya miezi unaletewa herufi. Karatasi uliyoandika hurudishiwi. Hesabu ina karatasi mbili, kila moja saa mbili na nusu. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, ya pili ina manane na unachagua matano. Je, unajua ulianguka wapi? Muda ulikwisha kabla hujafika sehemu ya pili? Ulifika ukakuta mada ambazo hujawahi kufundishwa, kwa sababu ulitoka shuleni kidato cha pili? Au ulijua, lakini mkono ukatetemeka? Hizo ni E tatu tofauti kabisa, ingawa zinaandikwa kwa herufi moja. Na mtu asiyejua alianguka wapi hana mahali pa kuanzia kuinuka. Nafikiri ndiyo sababu jalada la kitabu linakutisha. Wewe ni seta, maisha yako yote umekuwa ukisoma uwanja kabla mpira haujafika. Hapa hukupewa cha kusoma.

Halafu lile ulilojiambia, kwamba aliyecheza na kidole kilichoteguka hawezi kushindwa na mtihani. Naelewa lilikotoka, na wengi waliokushangilia waliamini hivyo hivyo. Lakini nidhamu ya kuamka alfajiri haifundishi logarithimu. Ulianza kugusa mpira ukiwa na miaka mingapi? Kumi? Kumi na mbili? Na ilikuchukua miaka mingapi hadi medali ya kwanza? Hesabu umeipa jioni ulizoiba, ukiwa umechoka, ukilala saa saba usiku na kuamka kabla ya jua. Yule kocha wako wa zamani angekukuta ukilala saa saba usiku wiki ya fainali angekuweka benchi. Hilo silisemi kukulaumu. Ulitumia nguvu, na nguvu ulikuwa nazo. Ninalotilia shaka ni kama kuna mtu yeyote aliyekupangia mazoezi.

Watu watakuletea mfano wa Eliud Kipchoge. Bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, akakosa nafasi ya timu ya Olimpiki ya London 2012, mwaka uliofuata akaanza marathoni, na yaliyofuata kila Mkenya anayajua. Ni hadithi nzuri, lakini Kipchoge alitoka kwenye kukimbia akaenda kwenye kukimbia. Wewe ulitoka wavuni ukaenda kwenye biolojia. Wengine watakutajia Michael Jordan, aliyeacha mpira wa kikapu akaenda kucheza besiboli na Birmingham Barons mwaka 1994, hakung'ara, Machi 1995 akarudi Chicago Bulls na kutwaa mataji mengine matatu. Mume wako anaweza kuutumia mfano huo kukuambia rudi kwenye mpira. Mimi siwezi, kwa sababu sijui Jordan mwenyewe aliuhesabu vipi mwaka ule.

Aliye karibu nasi ni McDonald Mariga. Alikuwa kwenye kikosi cha Inter Milan kilichotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2010. Mwaka 2019 akagombea ubunge katika uchaguzi mdogo wa Kibra, hapa hapa Nairobi, akashindwa mbele ya nchi nzima. Desemba 2024 akachaguliwa makamu wa rais wa shirikisho la soka. Je, alirudi nyuma kwenye mpira, au aliendelea mbele kwenye uchaguzi? Nimeligeuza swali hilo kichwani na sijapata jibu, na nadhani si vibaya nawe ukikaa nalo unapofikiria Ruai.

Lakini mfano ninaoutaka sana uko kwenye mchezo wako. Agosti 2023 Malkia Strikers, timu yetu ya taifa ya wanawake, walikuwa mabingwa wa Afrika kule Yaoundé. Kabla ya hapo, kwenye Olimpiki ya Tokyo, walipoteza mechi zote tano. Baada ya hapo, Paris 2024, walipoteza zote tatu. Wewe unawajua wasichana hawa, huenda wengine uliwapokea kambini. Nani kati yao ungemwambia kwamba Yaoundé haikuwa kweli kwa sababu ya Paris? Basi mbona wewe unajiuliza kama medali zako zilikuwa mikono tu, kwa sababu ya karatasi ya Biolojia?

Watu husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli kwa mhunzi. Wewe kwenye hesabu ulikuwa bado unajifunza kulishika koleo, ukajihukumu kama fundi.

Sasa njia zilizo mbele yako. Kabla ya yote, rudi kwa yule afisa. Umeandika kwamba alisema "bila cheti cha KCSE." Mwanangu, cheti cha KCSE unacho sasa, kina D. Je, wanahitaji cheti, au wanahitaji alama fulani? Omba akuandikie. Ikiwa ni C- au C, utajua umbali uliobaki. Ikiwa ni kitu kingine, huenda umekuwa ukilia juu ya mlango usiofungwa. Na D yenyewe si ukuta mtupu. Vyuo vya kiufundi kwa kawaida hupokea wenye D kwa kozi za cheti, na wenye C- kwa diploma. Uliza kama shirika lako linakubali cheti cha namna hiyo kupandisha mtu daraja. Huenda hawakubali. Lakini hilo ni bora ulijue kwa wino kuliko kwa hofu.

Kuhusu kurudia mwaka huu, ninachokuogopea si D nyingine. Naogopa urudie kwa mtindo ule ule, saa zile zile, na mwili uliochoka zaidi. Ukiona unarudia, ni nini kitabadilika? Unaweza kupata mwalimu mmoja wa hesabu wa kukaa nawe Jumamosi, akuanzishe pale kidato cha pili ulipokatikia? Nani atapika jioni hizo? Jambo hili la mapishi nalisema kwa makusudi, kwa sababu nyumba nzima ilifanya mtihani pamoja nawe. Kungoja 2027 kunakupa muda, lakini mwaka ule ni wa binti yako. Kuna wasichana ambao wangefurahi kusoma na mama meza moja. Kuna wengine ambao wangeanza kukubeba, wakafeli wao wakihofia wewe. Wako ni yupi, unamjua wewe.

Ruai nako nina maswali. Kandarasi ni ya muda gani? Wanalipa wakati wa likizo? Watakukatia NSSF ya uzeeni na SHA ya matibabu? Kazi uliyo nayo haina heshima uliyoitarajia, lakini ina pensheni, na huenda una mkopo wa sako unaokatwa kwenye mshahara. Ningependa pia ujiulize kama unakwenda kwa sababu moyo unadunda ukiwaza kufundisha msichana wa kidato cha kwanza kuweka vidole, au kwa sababu huko hakuna atakayekuuliza umepata nini. Ukweli ni kwamba watakuuliza. Utakula chakula cha mchana na walimu wenye digrii kila siku, na kama D hii bado ni kidonda, kitauma hapo kuliko mapokezi ya ofisi yako. Lakini ukiwa unakwenda kwa ile sababu ya kwanza, sioni kwa nini mtu aite huko kujificha. Kuna kozi za ukocha za FIVB, shirikisho la voliboli la dunia, zinazoanza ngazi ya kwanza, na huenda hiyo ndiyo shule inayokufaa. Unaweza kuuliza kama watakuchukua wikendi kwa muhula mmoja kabla hujaacha kazi. Wakikataa, utakuwa umejifunza jambo kuwahusu.

Mume wako simhukumu. "Ulishafika kilele" inaweza kuwa mpaka, kweli. Inaweza pia kuwa sauti ya mtu aliyekuona ukilia Januari na hajui la kufanya. Inaweza hata kuwa uchovu wa jioni nyingi bila wewe, ambao anaona haya kuutaja. Muulize alimaanisha lipi, siku ambayo hamjagombana. Yule wa ofisini mwache.

Nabaki na binti.

Najua kwa nini ulisema C. Alikuwa amesimama mbele yako akiwa na uso ule. Hukupanga. Sasa una karatasi ya wino mwekundu ukutani, na kila njia ina bei. Ukimwambia, ataumia, ataona aibu kwa marafiki aliowaambia, na kwa siku kadhaa anaweza kukutazama kwa macho usiyoyataka. Usipomwambia wewe, wa kumwambia ni wengi: ofisi inajua, baba yake anajua, wenzako wa timu waliochanga wanajua au watajua. Nairobi ni kubwa lakini Umoja ni ndogo.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi ya kugunduliwa. Mwakani, au mwaka huu kwenye mtihani wa mwisho wa muhula, mtoto huyo atapata alama mbaya. Kila mwanafunzi huipata. Atatoka shuleni nayo mkononi, ataingia chumbani, atasoma ile karatasi inayomuuliza ana kisingizio gani. Atakuwa anajipima na C ambayo haipo. Na atajua kwamba katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuleta D. Sijui atafanya nini hapo. Huenda naye mdomo wake ukasema C.

Ukiamua kumwambia, usimwambie mbele ya mdogo wake, na usimwombe akufariji. Mwache akasirike ikibidi. Mwambie ulisema C kwa sababu uliogopa uso wake ubadilike. Kama hujawa tayari, sitakuchagulia siku. Ila ule moyo kwenda mbio ukiona kitabu, ikiwa unakunyima usingizi au chakula, usiuvumilie peke yako. Tafuta mshauri wa kuzungumza naye ana kwa ana, kanisani kwenu au kliniki iliyo karibu.

Umesema karatasi ya matokeo iko kwenye begi la medali. Ungeweza kuichana, mwanangu, na hukuichana. Niandikie tena kabla Machi haijaisha, uniambie afisa alisema nini, na kama ile karatasi bado iko chini ya begi.

Shangazi yako